Wageni wa Mji Wetu

Jumamosi ile Guntars alisema: leo tujifanye wageni.
Mtu aliyekuja likizo ya siku tisa
hata kizingiti chake hukitazama kwa macho ya kukodi.
Tukavaa viatu vya kutembelea.
Mama yake, Vizma, akachukua kikapu.
Yeye mgeni wa nani? Miaka sabini na mmoja Riga,
na soko ni soko.

Tramu ikatushusha penye mabanda matano.
Mapaa yake, baba mtu akaeleza,
zamani yalihifadhi ndege za puto, ndefu kuliko mtaa.
Rudis, miaka sita, akasimama kinywa wazi
katikati ya vichwa vya nguruwe,
akitafuta darini alama ya mkia.
"Zilitokea wapi?"
"Mlangoni," akajibu bibi yake, "kama watu wengine."

Samaki. Mikunga wa moshi wamelala sambamba,
weusi, wanang'aa, kama mikanda dukani.
Madara alijifunika pua kwa skafu,
akaifunua, akala vipande viwili vya kuonja,
akajifunika tena.
Kumi na tatu ni umri mgumu.

Kwa muuza kabichi chachu tulipewa vikombe vya maji yake.
Vizma akanywa kama dawa.
Guntars akanywa kama aliyefika.
Mimi ukali ulinipanda hadi sikioni,
nikacheka peke yangu.

Tango nalo lilipigwa kwa kucha, likasikilizwa.
"Hili linadanganya."
Muuzaji akaapa kwa mama yake.
Likachukuliwa jingine, zikapunguzwa senti ishirini,
na Vizma akaondoka mbele yetu kama jemadari.

Kisha meza ya mwanamke mwenye vidole vya msituni:
uyoga wa manjano, vikombe vidogo vilivyojikunja ukingo,
bado umeshikwa na sindano za msonobari.
Guntars akanyamaza.
Kule Ayalandi anavuna uyoga mweupe,
ghalani, ngazi sita za mbolea, taa kwenye paji la uso,
kwa kilo, kwa saa, kwa saa tena.
Akaokota mmoja, akaunusa
hata mwenye meza akanigeukia mimi.
"Huu," akasema, "hakuna aliyeuamuru."
Akanunua kilo tatu.
Hatukuhitaji hata moja.
Ziko fedha ambazo hesabu yake si yangu,
nikafungua mfuko.
(Uliobaki niliutunga uzini juu ya jiko.
Sasa ni Februari. Naupunguza mmoja mmoja.)

Mnara wa kanisa la Petro Mtakatifu hupandwa kwa lifti, na lifti hulipiwa.
"Mji huu nimeuona kutoka chini," akasema Vizma,
"unanitosha."
Akabaki na kikapu kwenye benchi.

Juu, upepo, na jogoo wa dhahabu juu zaidi yetu.
Mto Daugava, mpana, wa kijivu, haujali mtu.
Madara akajipiga picha, mji ukakubali kuwa nyuma yake.
Rudis alitaka nyumbani:
"Ni ile yenye nguo kambani!"
Zilikuwa nyingi zenye nguo.
Tukachagua moja tukaipungia mkono,
na huenda kuna mtu alishangaa huko.

Mimi nililiona soko: mikate mitano
imetoka tanuri, imepangwa kando ya maji ipoe.
Nikageuka nimwonyeshe.
Alikuwa upande wa pili, uliko uwanja wa ndege,
anafuata kitu kidogo cheupe kinachopanda.
Sikuuliza ni cha kwenda wapi.
Nilimshika mkono. Ulinukia msonobari.

Tuliposhuka, nusu ya mkunga haikuwepo.
Vidole vya Vizma viling'aa,
njiwa watatu wakimzunguka kwa heshima.
"Mmelipa kiasi gani huko juu?"
Guntars akataja nusu ya bei.
"Ghali," akasema,
akanipa mkia.